Mgeni wa Serikali Kwenye Folda ya Singo

Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, anayetaka kujikuna ajikune, maana hili likishaanza halina breki.

Ipo nchi moja. Jina silitaji, kwa sababu huko kutaja jina la nchi bila kibali ni kosa, na fomu ya kibali inakutaka kwanza uandike jina la nchi. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kukipata. Watu wanasema tu "hapa kwetu", na wanaelewana.

Hapa kwao kulikuwa na Wizara ya Faragha. Ndiyo, umesikia sawasawa. Nchi nyingine zina Wizara ya Maji na maji hakuna. Wao walikuwa na Wizara ya Faragha, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Kitasa, mwanamume mnene mwenye sauti ya mtu anayetangaza mnada.

Sasa siku moja, Sikukuu ya Taifa, uwanja umejaa, Mheshimiwa Kitasa akapitia kwanza chooni nyuma ya jukwaa. Choo cha shimo. Hotuba ilikuwa kwenye simu, simu ilikuwa mfuko wa nyuma, na mambo mengine sina haja ya kuyaeleza. Mlio ulisikika mpaka kwenye viti vya mabalozi.

Basi bwana, Mheshimiwa akapanda jukwaani mikono mitupu. Akasimama dakika arobaini kamili bila kusema neno. Wananchi wakawa wanapiga makofi pale walipodhani pana nukta. Mama mmoja alizimia kwa uzalendo. Kesho yake magazeti yakaandika kwamba waziri amesema mambo ambayo hayajawahi kusemwa na kiongozi yeyote.

Lakini mwenyewe aliumia. Ndani ya mwezi mmoja akaanzisha Ghala la Taifa. Ghala lenyewe halina mlango wala bati. Ni lile jambo la kuweka mafaili yako mtandaoni, winguni, kama wanavyosema vijana wa kompyuta. Picha zako, vyeti vyako, barua zako zinakaa mbali kwenye mashine, na wewe unazifungua popote kwa paswedi yako. Simu ikiibiwa, ikidumbukia, mzigo wako upo. Ukitaka kumshirikisha mtu mmoja, unamtumia linki, anafungua yeye peke yake, wengine wanabaki nje.

Na mwanzoni, haki ya Mungu, lilikuwa jambo zuri. Watu walihamia wenyewe. Maghala ya nje yakafungwa, ikasemekana yanaingiza upepo. Hakuna aliyelalamika. Nani alalamikie upepo?

* * *

Katika mtaa mmoja wa mji wa pwani, mtaa wa Mivinjeni, aliishi Saumu Mbwana. Saumu alikuwa mpiga picha, lakini si wa kila mtu. Alipiga singo tu.

Singo si unaijua. Siku ile bibi harusi anakalishwa mkekani, anasuguliwa liwa ya kunukia, ngoma inapigwa, na wanawake wa mtaa mzima wanajifungia ndani pamoja naye. Mwanamume haingii. Hata jogoo anafukuzwa uani. Mlangoni linawekwa beseni, na kila anayeingia anatumbukiza simu yake humo, hata awe mke wa nani. Kamera inayoruhusiwa ni moja, ya Saumu. Humo ndani mitandio inavuliwa, nywele zinafunguliwa, na wale mama unaowaona barabarani wanatembea kama wamemeza mwiko, humo wanakata nyonga mpaka taa inayumba.

Saumu alikuwa na utaratibu wake. Singo ikiisha, picha zote anazipandisha Ghalani, anafungua folda kwa jina la bibi harusi, anamtumia linki bibi harusi peke yake. Siku ya arobaini anaifunga linki. Kwenye kompyuta habakishi kitu, maana kompyuta yake ya kwanza ilimwagiwa uji wa muhogo ikafa na singo tisa tumboni. Alilia wiki nzima. Tangu hapo akasema mimi na Ghala, Ghala na mimi.

Na wanawake walimwamini. "Saumu?" walikuwa wakisema. "Yule kaburi." Alikuwa na folda mia mbili na kumi na mbili.

Moja kati ya hizo ilikuwa ya binamu yake Zulfa, na ndani ya folda ya Zulfa alikuwamo mama yake Saumu, Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo alikuwa kungwi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafunda mabibi harusi wa Mivinjeni, na mwanamke yule hakupenda picha hata kidogo. Picha pekee aliyokubali maishani ni ya kitambulisho, na humo anaonekana kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Lakini singo ya Zulfa alicheza, nywele wazi, dakika kumi na moja, Saumu akiwa na kamera mkononi. Miezi mitatu baadaye kifua kikamchukua.

Kila Ijumaa baada ya sala Saumu alifunga mlango kwa komeo, akafungua ile video, akakaa na mama yake. Hakuwa na kitu kingine. Sauti yake ilikuwa humo tu.

* * *

Sasa njoo kwenye balaa lenyewe.

Mheshimiwa Kitasa alisimama bungeni, safari hii na hotuba nakala nne, moja amefungiwa shingoni na katibu wake.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Wizara yangu imepewa jukumu zito la kulinda faragha zenu. Nami nauliza. Mlinzi analindaje asichokiona? Nani kati yenu ameajiri mlinzi akamfunga macho?"

"Hakuna!" wabunge wakaitikia.

"Mtu ana folda, ameifunga, hatujui ndani mna nini. Je, ikiibiwa, tutajuaje kilichoibiwa? Tutamrudishia nini? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuanzia leo kila folda itakuwa na Mgeni wa Serikali!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sheria ikapitishwa kabla makofi hayajaisha, ikaitwa Sheria ya Hiari ya Lazima. Kila folda ilipewa wageni watatu, Mgeni wa Kata, Mgeni wa Wilaya na Mgeni Mkuu. Mgeni anaingia, anaangalia kila kitu, na ili ijulikane kwamba amefanya kazi, lazima aache maoni.

Jamani, yale maoni! Mzee wa watu kaandika wosia wake kwa siri, anaamka asubuhi anakuta chini yake: "Mgeni wa Wilaya ameona. Anashauri nyumba ya bati apewe mtoto wa pili, wa kwanza mlevi." Mtoto wa kwanza naye akaja kuuliza. Msichana aliyemwandikia mchumba wake barua akakuta imesahihishwa kwa wino mwekundu na kupewa arobaini na mbili kwa mia. Mama aliyepokea majibu ya hospitali akapongezwa kwa ujauzito mbele ya mume, na mume alikuwa amerudi safari juzi tu.

Usije ukasema wangeficha pembeni. Flashi zote zilikusanywa kwenye magunia, ukitoa flashi unapewa kofia. Simu zote zilisajiliwa Ghalani, ukipiga picha ya mbuzi wako inapanda yenyewe kabla mbuzi hajageuza shingo. Kuhifadhi kitu nje ya Ghala kuliitwa kumnyima mgeni chakula, na kosa hilo lina jela.

Wageni waliingia mtaa kwa mtaa kwa zamu. Zamu ya Mivinjeni ikapangwa Ijumaa, saa sita mchana.

* * *

Jumatano asubuhi mlango wa Saumu ukagongwa kama unadaiwa.

"Saumu! Fungua! Ni mimi shangazi yako, na nyuma yangu wapo wanawake thelathini, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunywa chai!"

Huyo ni Shangazi Mwajabu, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mfupi ambaye hata akinong'ona majirani wanaitikia.

"Karibuni, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, na hiyo karibu yako baadaye. Nijibu. Nyonga yangu imo humo Ghalani?"

"Imo, shangazi."

"Ya mwaka gani?"

"Ya miaka yote."

"Yarabi!" Shangazi akakaa chini pale pale kizingitini. "Na Mgeni wa Kata ni nani? Ni Hamduni! Hamduni mtoto wa Bi Tausi! Mie nimemkanda yule kichanga wa siku saba, leo aje aniandikie maoni?"

"Atasema umekata vizuri," akatupia mmoja nyuma.

"Koma wewe! Wewe mwenyewe singo ya Rukia ulipanda juu ya kinu!"

Wakacheka, lakini kicheko kikafa njiani. Zulfa, aliyekuwa amembeba mwanawe mgongoni, akasema polepole, "Dada Saumu, mume wangu kaniambia, siku Hamduni akiziona zile picha, nisirudi nyumbani. Nikamwambia mimi nimekosa nini? Akasema hujakosa. Ila usirudi."



"Futa," Shangazi akasema. "Zote."

"Zote, shangazi?"

"Mgeni akija akute mkeka mtupu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hashiki, basi hata siku moja asipewe."

"Na ya mama?"

Shangazi Mwajabu akaangalia pembeni. Alikuwa akimpenda wifi yake, hilo kila mtu alilijua. Walikuwa wakigombana kila siku na hakuna aliyeweza kula bila mwenzake.

"Mama yako angekuwa hai," akasema, "angekwisha kuifuta jana."

"Ndiyo hivyo, shangazi. Hayuko hai. Ndiyo maana siwezi."

"Saumu."

"Nipeni mpaka Ijumaa asubuhi. Nikazungumze na Hamduni. Ikishindikana nafuta, zote, na ya mama. Wallahi nafuta."

* * *

Kesho yake, Alhamisi, Saumu akaenda Ofisi ya Kata. Ofisi ilikuwa na bango kubwa: FARAGHA YAKO, MACHO YETU. Chini yake alikaa Hamduni, kijana mwembamba mwenye haya, na jasho likimtoka hata feni ikizunguka.

"Karibu, dada Saumu. Mambo ya nyumbani?"

"Unayajua mambo ya nyumbani, utayaona kesho. Hamduni, mdogo wangu, naomba Mgeni wa kike."

"Yupo," Hamduni akasema kwa furaha. "Serikali imezingatia jinsia."

"Alhamdulillahi. Yuko wapi?"

"Ni mmoja kwa nchi nzima. Ila tangu mwezi wa kwanza yuko likizo ya uzazi."

"Nani anakaimu?"

Hamduni akapangusa paji. "Bwana Sufiani."

 "Basi nipe fomu ya kuomba faili lisiangaliwe."

"Ipo!" Akatoa karatasi. Saumu akasoma. Sehemu ya kwanza: *Eleza kwa kina jambo usilotaka lijulikane.* Sehemu ya pili: *Ambatisha nakala ya jambo hilo.* Sehemu ya tatu: *Majina ya mashahidi watatu wanaume, wasio ndugu, waliokwisha kuliona na wanaokubali kwamba halifai kuonekana.*

Akaisoma mara mbili. Akaikunja, akairudisha mezani taratibu kama sahani ya moto.

"Hamduni. Mama yangu ndiye aliyekufunga hirizi ya degedege, unajua?"

"Najua, dada."

"Wewe mwenyewe, kwa moyo wako, utamwangalia?"

Hamduni akaangalia feni, akaangalia bango, akaangalia viatu vyake. Nyuma yake mashine ilikuwa ikihesabu mafaili aliyobakiza siku hiyo. "Dada, asiyefikisha idadi anapelekwa kituo cha mpakani, kule kwenye mbung'o. Mama hana mtoto mwingine ila mimi." Akameza mate. "Nitaangalia harakaharaka."

Na alimaanisha. Ndicho kitu kikubwa alichokuwa nacho cha kumpa, na Saumu aliliona hilo, akaaga akatoka.

* * *

Ijumaa saa tatu Saumu akafunga komeo akaanza kufuta. Rukia. Semeni. Mwanaisha wa kwanza, Mwanaisha wa pili. Kila folda mashine inauliza: *Una uhakika?* Anabonyeza ndiyo. *Una uhakika kweli?* Ndiyo. *Fikiria watoto wako.* Ndiyo. Mia mbili na kumi na moja, kidole kikawa kama si chake.

Akabaki na ya Zulfa.

Alitaka kuiangalia mara ya mwisho. Akaogopa. Alijua akiiangalia hatafuta, na saa ilikuwa sita kasoro dakika tisa. Akasema, "Mama, nisamehe," akabonyeza. Una uhakika. Ndiyo. Kweli. Ndiyo. Watoto. Sina, akajibu kwa sauti, akabonyeza.

Kioo kikawa cheupe. Saumu akakaa na ule weupe. Nje muadhini akaanza kuadhini. Amempoteza mama, lakini amemfunika.

Ndipo simu ikalia tii.

*Hongera, mwananchi! Faili lako limefutwa kwako. Kwa usalama wako, nakala tatu zimehifadhiwa kwetu. Wageni wako wanaendelea vizuri.*

Alipiga ukelele mmoja tu. Shangazi Mwajabu, aliyekuwa akingoja nje, alivunja komeo kwa bega.

* * *

Wizara ya Faragha iko makao makuu ya nchi, jengo la vioo vitupu, ukiwa barabarani unawaona makarani mpaka wanavyojichokonoa meno. Saumu na shangazi yake walipanga foleni siku mbili. Zulfa alikuwa amekwisha kurudi kwao na mtoto na sanduku moja. Mume hakungoja maoni ya Hamduni, alitosheka na tii ya simu.

"Shida?" akauliza karani wa dirishani.

"Naomba nakala za faili langu zifutwe."

"Faili ni lako?"

"Langu."

"Mashine inasema ulilifuta."

"Ndiyo."

"Basi si lako. Ukishatupa kitu unadaije ukitupe tena?"

"Ni la nani sasa?"

"La Taifa."

"Basi naomba Taifa lilifute."

Karani akamwonea huruma kabisa. "Mama, Taifa halifuti. Taifa linahifadhi. Ila unayo haki ya kikatiba ya kuomba na sisi kukukatalia. Unataka kukataliwa?"

"Mkatalie haraka turudi nyumbani!" Shangazi akafoka.

"Haiwezekani haraka, bibi. Kabla ya kukataliwa lazima athibitishe kwamba faili tunalomkatalia ndilo hilo. Aliangalie dakika tatu mbele ya Wageni, mara moja kwa mwaka. Chumba namba kumi na nne."

Saumu akamgeukia shangazi yake.  Dakika tatu za mama.

"Usiingie," Shangazi akasema. "Unakwenda kumwanika mwenyewe."

"Wameshamwanika, shangazi. Mimi ndiye pekee nisiyemwona."

* * *

Chumba namba kumi na nne kilikuwa na televisheni juu ya meza, kubwa kama mlango uliolazwa. Mbele yake viti. Hamduni alikuwepo, kaitwa kutoka kata kwa sababu utaratibu unamtaka Mgeni wa eneo. Pembeni yake alikaa Bwana Sufiani, kaimu Mgeni wa Kike, ndevu zimechanwa vizuri, kalamu tayari.

"Kwa niaba ya wanawake wote wa nchi hii," akasema Bwana Sufiani, "nawakaribisha. Msione haya. Mnihesabu kama dada yenu."

Shangazi Mwajabu akamtazama kuanzia ndevu mpaka soksi. "Dada yetu, umenyoa lini?"

"Anza," Bwana Sufiani akamwambia Hamduni.

Kioo kikawaka. Ngoma ikaingia kwanza, halafu mkeka, halafu nyayo. Saumu alizijua kabla hazijafika katikati ya picha. Nyayo za mama yake, hina imekolea mpaka kifundoni. Bwana Sufiani akavaa miwani, akasogeza kiti mbele.

Basi hapo ndipo Saumu akasimama. Hakupanga, hakushauriana na mtu. Akavuta kanga kutoka kichwani mwake, nywele zake alizosuka mtindo wa twende kilioni zikabaki wazi mbele ya wanaume wawili na kuta za vioo na foleni yote ya nje, akaitandaza kanga ile juu ya televisheni, pande zote, kama unavyomfunika mtoto mwenye homa. Halafu akainama akaingiza kichwa chake humo ndani. Alikuwa kama wale wapiga picha wa zamani waliojitia kitambaani nyuma ya kamera ya miguu mitatu, kiwiliwili nje, kichwa gizani.

"Wewe mama!" Bwana Sufiani akamrukia Saumu. "Utazamaji wa faragha hauruhusiwi katika Wizara ya Faragha! Lazima tuone wote! Ofisa, ondoa kizuizi!"

Hamduni akanyanyuka. Akanyoosha mkono. Mkono ukafika shubiri moja kutoka kwenye kanga, ukagoma.

Maana nchi ile ina sheria elfu nne na ushee, na chini yazo zote kuna moja ambayo haikuandikwa popote. Mwanamume hamvui mwanamke kanga mbele za watu, si sokoni, si msikitini, si mahakamani. Mwenye kufanya hivyo hata mamaye hamzungumzishi.

"Vuta," Shangazi Mwajabu akasema kwa upole uliotisha. "Vuta, mwanangu Hamduni, tuone. Bi Tausi saa hizi yuko sokoni anauza mchicha. Nikishuka garini nampitia nimweleze ulivyovuta."

Hamduni akaurudisha mkono, akaukumbatia kwa mwingine. "Mkubwa, mkono umekufa ganzi."

"Tumia wa kushoto!"

"Nao, mkubwa."

"Basi wewe bibi, mwambie..."

"Vuta wewe," Shangazi akamwambia. "Si u dada yetu?"

Bwana Sufiani akaitazama kanga. Akaitazama foleni iliyobandika pua kwenye kioo, wanawake kwa wanaume. Akakaa.

Na kutoka chini ya kanga sauti ya Bi Mwanakombo ikaanza kuimba, nzito, yenye mikwaruzo, inamfunda Zulfa:

*Funga mlango mwanangu, ndani ndiko kwako,*
*Mgeni akibisha, na ajibiwe na paka wako.*

Wanawake wa kwenye video wakaitikia. Shangazi Mwajabu naye, palepale kwenye chumba cha serikali, midomo ikamchezacheza akaitikia, machozi yanamwingia mdomoni. Chini ya kanga mabega ya Saumu yalikuwa yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

Halafu ndani ya video ngoma ikapungua kidogo. Sauti ikaja karibu, imeacha kuimba, ya mama anayemwambia mwanawe jambo mbele za watu bila kutaka kumwaibisha.

"Saumu. We Saumu. Zima hicho kidude sasa. Yatosha, mwanangu."

Kicheko cha wanawake. Ngoma ikapanda tena.

Mabega ya Saumu yakasimama tuli.

Ikapita nusu dakika. Televisheni ikajizima yenyewe. Dakika tatu.

"Dada Saumu," Hamduni akanong'ona, "muda umekwisha."

"Najua," ikajibu sauti kutoka chini ya kanga. Lakini hakutoka. Alikaa mle gizani mpaka shangazi yake alipoingiza mkono, akamfunga kanga kichwani hukohuko ndani, ndipo akamtoa.

Ombi lao lilikataliwa saa tisa na nusu, kwa mihuri miwili na barua ya pongezi.

* * *

Jioni ya siku waliyorudi, redio ilisoma tangazo la Mheshimiwa Kitasa. Kufuatia tukio la uvunjifu wa uwazi, ni marufuku kuanzia sasa kuingia wizarani na nguo yoyote inayoweza kuvuliwa. Bwana Sufiani amepandishwa cheo kwa kuvumilia. Ofisa Hamduni ataendelea na kazi mpakani. Na kwa kuwa faili husika limedhihirika kuwa na thamani kubwa kwa wananchi, nakala zake zimeongezwa kutoka tatu hadi saba.

Shangazi Mwajabu akazima redio. Alikuwa uani na ungo mapajani, anapepeta mchele. Saumu amekaa kwenye kigoda mbele yake, mikono mitupu.

"Umemwona lakini?"

"Nimemwona."

"Alikuwaje?"

"Mzuri, shangazi. Amependeza."

Ungo ukaenda, ukarudi. Makapi yakaruka.

"Nilimsikia pale mwishoni," Shangazi akasema. "Alikwambia uzime."

"Aliniambia. Nilikuwa nimejisahaulisha. Kila Ijumaa nilikuwa napasikia, napita tu kama sijasikia."

"Sasa si ulizima baadaye kidogo? Ngoma ilikuwa imepamba moto, mtoto hawezi kuzima papo hapo..."

"Pale dakika ya tatu ilikuwa haijatimia," Saumu akasema. "Video ina kumi na moja. Sikuzima."

Shangazi Mwajabu akaacha kupepeta.